Pikapu ya "tani moja" na mifuko 70 ya peleti: tusaidiane kabla hatujaua mtu

BabaTito #1

Wadau, hamjambo. Humu huwa nasoma tu, ila leo acha niandike. Jumanne iliyopita tairi la nyuma upande wa kushoto lilinipasukia kwenye Southern Bypass, nimeshapita Dagoretti naelekea Lang'ata. Nyuma nilikuwa na mifuko 70 ya peleti za mbao. Kando yangu alikuwa kijana wa kunisaidia kupakua, ana miaka 19, na mama yake ni jirani yangu, ploti zetu zinapakana.

Pikapu ilivuta kushoto kama imekamatwa na mtu. Niliushika usukani kwa nguvu, breki sikugusa, nikaondoa mguu kwenye mafuta na kuiacha ipungue yenyewe mpaka ikasimama ukingoni. Matatu iliyokuwa nyuma yangu ilipita huku ikipiga honi, na nafasi kati yetu haikufika mkono mmoja. Tulishusha mifuko 40 kwenye majani ndipo jeki ikakubali kuinua. Yule kijana hakusema neno mpaka tulipomaliza. Jioni nilipomfikisha kwao nilishindwa kumtazama mama yake usoni.

Kwa asiyezijua, peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa mashine ukawa vijiti vifupi vya unene wa milimita 6 au 8. Mimi nazichukua Limuru, napeleka kwa mteja mwenye tanuri la mikate Rongai. Mfuko mmoja ni kilo 20.

Kabla ya peleti nilibeba makaa miaka sita, na hapo ndipo jicho langu liliponidanganya. Gunia la makaa ni kubwa lakini jepesi. Unayapanga mpaka yanapita paa la kebini na springi zinavumilia. Peleti ni kitu kingine kabisa. Mita moja ya ujazo ya peleti ina kilo 600 hadi 750, na makaa ya ujazo huohuo ni takriban theluthi ya hapo. Bodi ya pikapu yangu ina urefu wa mita 2.3, upana wa mita 1.6 na kuta za sentimita 40. Ukimwaga peleti humo zikalingana na ukingo, umeshafika karibu kilo 900 au zaidi, na mtu akikutazama kutoka mbali anasema bado una nafasi.

Jana nilienda kwenye mizani ya kulipia kule Industrial Area, kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Pikapu ikiwa na tangi limejaa, keria ya chuma, tairi la akiba, jeki na turubai, bila mtu ndani: kilo 1,720. Kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango kinasema jumla yote isizidi 2,750. Mimi na kijana pamoja tuna kilo 150. Toa hizo zote, zinabaki 880. Hiyo ni mifuko 44.

Mimi nilikuwa na 70, yaani kilo 1,400. Nilizidisha kilo 520. Kwa anayejenga, hizo ni zaidi ya mifuko 10 ya simiti ya kilo 50 juu ya mzigo ambao tayari ulikuwa umefika mwisho.

Mteja anataka mifuko 70 kila wiki, na safari mbili zinakula faida. Fundi mmoja ameniambia niongeze springi nimalize mambo. Wenye ujuzi, nifanye nini? Nijibuni kwa ukweli, kwa sababu kijana yule anataka kuendelea na kazi nami sitaki kumpandisha tena kwa kubahatisha.

---

Wa_Kinoo #2

Pole sana kaka. Mshukuruni Mungu nyote wawili. Hapo Bypass magari yanapita kama yanakimbizwa, ni bahati hamkugongwa mkiwa mmesimama. Mlikuwa na zile pembetatu za kuakisi mwanga?

---

BabaTito #3

Asante. Nilikuwa nazo, tuliweka moja mbali nyuma na nyingine karibu. Ilikuwa saa tisa mchana. Ingekuwa usiku sijui.

---

Simba_wa_Lami #4

Bila kukuvunja moyo, mimi nabeba tani moja na nusu hadi mbili tangu 2011. Mchanga, ballast, mahindi, kila kitu. Niliongeza springi mara moja na sijawahi kulala njiani. Kibati cha mlangoni kimeandikwa na watu wa kule wanakotengeneza magari, ambao hawajui maisha yetu. Tatizo lako lilikuwa tairi bovu. Badilisha tairi, ongeza springi, kazi iendelee. Biashara ya safari mbili itakufilisi.

---

Fundi_Grogan #5

Ndugu Simba, sikatai kwamba umefanya hivyo na umefika. Lakini mimi ndiye ninayezifungua hizo pikapu zikiletwa, basi acha nieleze ninachokiona chini yake. BabaTito, soma polepole, hasa kuhusu springi.

Springi hazibebi mzigo peke yake. Mzigo unashuka kwenye springi, springi zinaegemea ekseli, ekseli inaegemea beringi, beringi iko ndani ya gurudumu, gurudumu liko kwenye tairi. Ukiongeza majani mawili ya springi umeimarisha kiungo kimoja tu. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, breki ni zilezile na chesi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba pikapu haibonyei tena, basi hata dalili uliyokuwa ukiiona kwa macho umeiondoa. Nimeona chesi zenye ufa nyuma ya kebini, pale pale kwenye mkunjo, na mwenyewe hana habari kwa sababu gari "limesimama vizuri".

Kuna jambo lingine ambalo hata mafundi wengi hawalisemi. Pikapu nyingi, hasa za Kijapani, zina kijiti kimoja cha chuma kilichofungwa kati ya ekseli ya nyuma na vali ya breki iliyo juu yake kwenye chesi. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikishuka kwa uzito, kijiti kinaisukuma vali, na vali inaziruhusu breki za nyuma kupata presha zaidi. Pikapu ikiwa tupu, vali inapunguza presha ya nyuma ili magurudumu yasifunge na gari lisizunguke.

Sasa umeongeza springi ngumu. Umepakia tani na nusu, bodi haikushuka. Ile vali inadhani pikapu ni tupu. Inanyima breki za nyuma presha wakati unapoihitaji kuliko wakati wowote, na kazi yote inabebwa na breki za mbele. Ndiyo maana naletewa pikapu zenye diski za mbele zimebadilika rangi ya samawati kwa joto, na drami za nyuma hazina hata alama. Wengine wamekikata kijiti hicho wakiona kinapiga kelele.

Ukiweka springi za kuongeza, vali lazima irekebishwe na mtu anayejua, na bado uzito ulioandikwa kwenye kibati haupandi hata kilo moja.

Shokapu nazo zisikudanganye. Shokapu hutuliza mtikisiko, hazibebi.

---

Simba_wa_Lami #6

Hilo la kijiti nimelisoma mara mbili. Yangu kijiti kilikatwa na fundi wa awali, nilikuta hivyo. Nitakuja uangalie.

---

Fundi_Grogan #7

Karibu sana. Na kabla hujaja, usiteremke na mzigo mzito.

---

Mtu_wa_Panja #8

Mimi niko kwenye tairi na upepo, nitasema la kwangu. BabaTito, andika hapa maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi lililopasuka, na presha uliyokuwa umetia.

---

BabaTito #9

195R15C 8PR, halafu 106/104R. Presha tulitia psi 40 asubuhi ile.

---

Mtu_wa_Panja #10

Basi jibu tunalo. Herufi C ina maana tairi ni la gari la mizigo, hapo hukukosea. Namba 106 ni kipimo cha uzito: tairi moja linabeba kilo 950. Mawili ya nyuma yanabeba 1,900. Sasa wewe ulikuwa na kilo 1,400 za peleti, karibu zote juu ya ekseli ya nyuma, ukijumlisha uzito wa pikapu yenyewe upande huo umekaribia 2,200. Tairi lilikuwa limezidiwa hata lingekuwa jipya.

Halafu hiyo presha. Kilo 950 unazipata tairi likiwa limejazwa inavyotakiwa kwa mzigo kamili, na kwa tairi la 8PR hiyo ni karibu 65. Ukitia 40, uwezo wake unashuka sana. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linakunjika ubavuni kila likizunguka, linapata moto, nyuzi za ndani zinaachana, kisha linapasuka. Halipasuki kwenye shimo, linapasuka umeshazoea mwendo, barabara ikiwa nzuri, kama hapo Bypass.

Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukipima ukiwa umetembea kilomita 20, joto limeshapandisha presha na utadhani iko sawa. Nenda kwa presha ya kibati cha mlangoni ya mzigo kamili, usizidishe iliyoandikwa kwenye tairi. Ukishapakua, rudisha chini, kwa maana pikapu tupu yenye 60 nyuma inaruka kama mpira kwenye mvua.

Tafuta pia tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Mtumba wa tairi unaweza kuwa na meno mazuri na bado ni mzee.

Na wale mnaofunga tairi za magari madogo ya saluni kwenye pikapu kwa sababu ni rahisi: 195/65R15 yenye namba 91 inabeba kilo 615 tu. Inaingia kwenye rimu ya inchi 15 vizuri kabisa, na hilo ndilo linalowadanganya.

---

Hamali_wa_Gikomba #11

Mimi napakia kila siku, mbao na magunia. Kupakia nako kuna hesabu yake.

Mifuko ya peleti ni ya plastiki, inateleza kama samaki. Usiipange mmoja juu ya mwingine kama vitabu, nguzo zinaanguka zote pamoja. Panga kama fundi anavyojenga ukuta: safu ya juu ikanyage maungio ya safu ya chini. Anza kwenye ukuta wa kebini, mifuko iuguse kabisa isiache nafasi. Ikibaki nafasi, ukikanyaga breki mzigo wote unakimbia mbele unapata kasi, halafu unagonga kebini. Mzigo usio na mwanya hauna mahali pa kuanzia mbio.

Usirundike kwenye mlango wa nyuma. Nyuma ya ekseli ni kama mtoto amekaa mwisho wa pembea. Pikapu yenye mita 3 kati ya ekseli mbili, ukiweka kilo 300 mita moja nyuma ya ekseli, umeinyanyua mbele kwa kilo 100. Usukani unakuwa mwepesi, unafurahi kumbe magurudumu ya mbele hayashiki lami. Taa nazo zinaangalia mbinguni, na mwenzako anayekuja haoni kitu.

Chini tandika mpira, hata vipande vya mkanda wa mashine vya kuukuu. Mpira unashika. Juu funga kwa mikanda ya racheti, miwili ya kukatiza. Kamba ya nailoni inalegea ikilowa na mzigo ukijituliza. Kamba unayo hiyo tu? Basi simama baada ya kilomita kumi ukaze upya. Hata mkanda wa racheti, simama ukaze, mifuko inajilaza ikitikiswa.

---

Mhandisi_Mstahimilivu #12

Hamali amesema sawasawa, naongeza kipimo kimoja. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka mzigo uzuiwe mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni na nyuma asilimia 50. Kwa mzigo wa kilo 800, ukuta wa kebini na mikanda kwa pamoja vihimili msukumo wa kilo 640 ukifunga breki ghafla. Zile kulabu nyembamba za nje ya bodi, za kufungia turubai, hazina nguvu hiyo. Funga kwenye pete zilizo ndani, au mwambie fundi akuunganishie pete kwenye fremu.

Na mwendo: kutoka 80 kwenda 60 nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inapungua kwa asilimia 44, kwa sababu nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo. Uzito ukizidi hapa, punguza pale.

---

Mzee_wa_Kimende #13

Wanangu, nimeendesha malori na pikapu katika mteremko wa Mai Mahiu miaka 31 kabla ya kustaafu. BabaTito, pole. Umefanya jambo jema kusema mbele ya watu.

Limuru hadi Nairobi ni kuteremka. Mtu haoni kwa sababu mteremko ni mrefu na mpole, si kama ule wa bonde. Lakini breki zinajua. Ukikanyaga kidogo kidogo kutoka Rironi hadi Kangemi, zimekula moto njia nzima. Siku moja nikiwa kijana nilifika kule Mai Mahiu, pale chini kwenye kile kikanisa kidogo walichojenga wafungwa wa Kitaliano mwaka 1942, nikakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka sakafuni. Hapakuwa na kitu. Nilishuka gia mpaka ya kwanza, injini ikalia, nikaenda kusimama kwenye mchanga wa kando. Mzigo ulikuwa viazi.

Mzee wangu wa kazi alinifundisha siku ile: gia unayopandia mlima ndiyo gia unayoteremkia. Iingize kabla hujaanza kushuka, usingoje katikati. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo upungue, kisha achia kabisa zipoe. Usiuweke mguu juu yake muda wote. Na kutia fri, gari lishuke bila gia, ili kuokoa mafuta ni kujitoa roho kwa bei ya nusu lita.

Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili. Yananyonya maji hewani. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za sentigredi, yakishanyonya maji yanachemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo ile breki inayokwenda sakafuni.

Ukipita kwetu Kimende asubuhi, ukungu ni mzito. Washa taa za chini, usiwashe kubwa.

---

BabaTito #14

Mzee, asante sana. Nimeandika kila neno kwenye daftari. Nilikuwa napanda kwa gia ya tatu na kuteremka kwa ya tano.

---

Wa_Kinoo #15

Na polisi je? Nimeona pikapu zimelemaa nyuma zinapita tu. Si mizani ni ya malori?

---

Mhandisi_Mstahimilivu #16

Mizani za barabara kuu, kama ya Gilgil na Mlolongo, zinalenga magari makubwa. Lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 56, inazungumzia gari lolote: lisitumike barabarani likiwa na mzigo unaozidi uliowekwa na mtengenezaji wa chesi au uliopimwa na mkaguzi. Pikapu ya biashara inakaguliwa kila mwaka, na uzito wake huwa umeandikwa ubavuni kwa rangi, kila mtu anausoma. Kisha fungua mkataba wako wa bima usome masharti ya mzigo. Ukimgonga mtu ukiwa umezidisha kilo 520, swali la kwanza litakuwa hilo.

---

Vifaranga_Ruai #17

Samahani kuingilia. Mimi nafuga kuku Ruai, jiko langu la kupasha vifaranga joto linatumia peleti. Kaka BabaTito, nataka mifuko 25. Nina Probox ya mume wangu, nafikiri itaingia yote nikilaza viti. Nifuate mwenyewe au uniletee? Nitaiweka kwenye chumba kilicho nyuma ya banda, hakina dirisha kwa hiyo mvua haiingii.

---

BabaTito #18

Dada, mifuko 25 ni kilo 500. Kuingia itaingia, tatizo ni kubeba.

---

Fundi_Grogan #19

Probox ya mizigo imeandikiwa kilo 400, na hapo ni watu wawili tu wakiwa ndani. Wakiwa watano inashuka hadi 250. Mifuko 18 ukiwa na mtu mmoja, unabaki na nafasi ya kupumua. Ipange nyuma ya kiti cha mbele, na ufunge, maana kwenye Probox hakuna ukuta kati yako na mzigo. Ukifunga breki mfuko wa kilo 20 unakuja kisogoni.

---

Mhandisi_Mstahimilivu #20

Mama wa vifaranga, tafadhali sikiliza hili la chumba, ni zito kuliko Probox. Peleti zilizorundikwa, hasa mpya, hutoa kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la makaa isiyo na harufu. Huko Ulaya watu wamekufa kwa kuingia kwenye vyumba vya meli na maghala ya peleti yaliyofungwa. Mifuko 25 si shehena ya meli, lakini chumba kisicho na dirisha, kando ya banda ambalo tayari lina jiko linalowaka, usikubali. Toboa matundu juu na chini, yawekee wavu wa panya, na uache mlango wazi kwa muda kabla ya kuingia. Mifuko iwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta.

---

Vifaranga_Ruai #21

Mungu awabariki. Mtoto wangu ndiye huingia humo kuchota. Fundi wa mawe anakuja kesho kutoboa. Naomba mifuko 18 basi, na nitaifuata mwenyewe. Ikinyesha njiani?

---

BabaTito #22

Ndani ya Probox haina shida. Kwenye pikapu ndiyo kazi. Peleti ikipata maji inavimba na kurudi kuwa unga, haiwaki tena. Mwaka jana msimu wa masika nilipoteza mifuko 9 kwa sababu turubai lilikuwa na tundu dogo kama shilingi, na maji yakajikusanya bondeni katikati ya mzigo. Sasa naweka turubai mbili, ya nyuma inatangulia, kisha ya mbele inapanda juu ya ukingo wake, upepo usipate mdomo wa kuingilia. Katikati napandisha safu moja ya mifuko ili maji yateremke pembeni. Na kabla ya kufunika, natazama chini matundu ya bodi yasiwe yamezibwa na uchafu.

Mfuko uliolowa pia ni mzito. Hilo nalo liingie kwenye hesabu.

---

Simba_wa_Lami #23

Nimerudi kutoka kwa Fundi. Kijiti hakipo, vali imeshika kutu na haisogei. Breki za nyuma zilikuwa zinafanya kazi kama za baiskeli. Jani la pili la springi upande wa kulia limepasuka, nilikuwa nikisikia mlio nikipita kwenye matuta nikadhani ni bodi. Pia amenionyesha ufa wa sentimita 6 kwenye chesi, nyuma ya kebini, kama alivyoandika hapo juu. BabaTito, nilikushauri vibaya kwenye #4. Naacha maandishi yabaki ili mwingine asome yote mawili. Pikapu iko kwake wiki nzima.

---

Fundi_Grogan #24

Ufa huo umeonekana mapema, utashonwa na kuwekewa bamba. Umefanya vizuri kuja.

---

BabaTito #25

Ndugu Simba, hakuna kinyongo. Nilikuwa nafikiri hivyohivyo wiki mbili zilizopita.

Leo ndio nimetoka Rongai, nawaletea hesabu. Nilikaa na mteja nikamweleza yote, nikamwonyesha na picha ya tairi. Nilidhani atatafuta mwingine. Akasema shida yake ni peleti zifike kavu na zisikatike, siku yenyewe haimsumbui. Tumekubaliana mifuko 35 Jumatatu na 35 Alhamisi, na atachangia mafuta ya safari ya pili. Ghala lake ni dogo, kumbe hata yeye alikuwa akiibana mifuko 70 mpaka njia ya kupita haipo.

Tairi nne mpya, C, za mwaka huu. Presha kwa kibati, asubuhi, baridi. Mafuta ya breki yamebadilishwa, yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Vali yangu ipo na inafanya kazi. Springi sikuongeza.

Nilipitia mizani tena nikiwa na mifuko 35, kijana akiwa ndani: jumla 2,580. Kisha nikapanda magurudumu ya nyuma peke yake: 1,480. Mbele zinabaki 1,100. Usukani una uzito wake, taa zinaangalia barabara. Kutoka Rironi nilishuka kwa gia ya tatu, malori mawili yakanipita, nikayaacha yaende. Nilisimama Gitaru kukaza mikanda. Ilikuwa imelegea meno mawili.

Kijana ndiye aliyepanga mifuko, kama ukuta, nimemsomea maneno ya Hamali. Mama yake alitoka kututazama tukiondoka, akauliza leo tumebeba ngapi. Nikamwambia.

---

Hamali_wa_Gikomba #26

Meno mawili ni mengi. Wiki ijayo simama mapema zaidi, kabla ya kufika Kikuyu.